Uso Wangu Kwenye Bango la Dawa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mwili bado unanisisimka. Nakuita mwanangu ingawa umri wangu hauniruhusu; nimekutangulia miaka michache tu katika kazi hii ya kutibu mifugo. Lakini umeniuliza daktari wa mifugo aanzeje blogu, na yaliyonipata mimi sitaki yakupate wewe. Kwa hiyo nivumilie, leo nizungumze kama mzee.

Blogu nilijifunza mwenyewe, kwa simu, kwenye chumba cha kupanga pale Mikumi. Hakuna aliyenielekeza, na labda ndiyo maana niliogopa kila kitu. Makala yangu kuhusu kupe niliiandika na kuifuta mpaka msimu wa kupe ukapita. Picha ya ukurasa nilipiga nimevaa koti jeupe lililonyooshwa pasi, nyuma yangu ukuta mtupu. Kisha nikaisafisha kwa programu ya simu: nikaondoa kovu la kidevuni, nikaongeza mwanga, nikafuta weusi chini ya macho. Niliamini watu wakiona kasoro usoni mwangu, wataitafuta na kwenye tiba yangu.

Siku hiyo nilikuwa natoka Mikumi kwenda Kilosa kwa pikipiki. Nilipofika kijiji cha Ulaya, njiani, nikakuta mnada umechangamka, nikasimama ninunue maji. Ndipo nikasikia spika ikipaza sauti: "Dawa ya daktari! Ndigana, nagana, minyoo, homa ya mapafu, vyote chupa moja!" Nikageuka. Kijana mmoja alikuwa amesimamisha bango refu kama mlango, na juu yake daktari anatabasamu. Nilimtazama yule daktari kwa muda nikijiuliza nimemwona wapi.

Alikuwa mimi.

Sijui kama umewahi kukutana na uso wako mahali ambapo hukuupeleka. Chini ya kidevu changu kisicho na kovu zilipangwa chupa za maji mekundu, na watu walikuwa wananunua. Mbele kabisa alisimama mama mtu mzima wa Kimaasai, chupa yake tayari mkononi, akimwambia mwuzaji kwamba ng'ombe wake pekee wa maziwa hajala tangu jana, na tezi chini ya sikio zimevimba.

Mwanangu, wewe umesoma, unajua tezi hizo zinasema nini. Ilikuwa ndigana kali, ile homa inayoletwa na kupe, na yule mama alikuwa anaondoka na kitu ambacho hata mimi sikujua kina nini ndani.

"Shikamoo yeyo," nikamwambia, kama tunavyowaamkia mama zetu wa Kimaasai. "Usimpe ng'ombe hiyo dawa. Mimi ndiye daktari wa kwenye bango, na hiyo dawa siijui."

Watu waliangua kicheko.

"Wewe?" mwanamume mmoja akaniangalia kuanzia viatuni. "Wewe si fundi pikipiki?"

"Daktari wetu anang'aa kama sahani," mwingine akadakia. "Huyu kafukuliwa wapi?"

Nilijitazama. Vumbi la njia nzima lilikuwa juu yangu, mpaka kwenye kope. Nikatoa simu, nikafungua blogu yangu, nikaiinua juu waione. Yule mwuzaji hakushtuka hata kidogo. Akatoa simu yake, akafungua ukurasa uleule.

"Hata mimi ninayo, kaka," alisema kwa upole kabisa. "Kila mtu anayo."

Kila nilichokuwa nimekitengeneza kwa uangalifu, yeye alikuwa nacho, tena kwake kilikaa vizuri zaidi. Yeyo akafunga chupa kwenye pindo la shuka lake na kuanza kuondoka. Nikamfuata nikibabaika, namwambia juu ya tezi, juu ya homa, kwamba akichelewa ng'ombe atashindwa kupumua. Akasimama ghafla.

"Hebu sema, 'Toka wewe!'"

"Nini, yeyo?"

"Sema!"

"Toka wewe!" nikasema.

Akapiga makofi. "Ndiye! Ndiye huyu mwenye mbuzi!"

Nikufafanulie. Wiki moja kabla nilikuwa nimekosa muda wa kuandika, nikarekodi sauti kuhusu namna ya kupapasa tezi za ng'ombe, nikaituma kwenye kundi la wafugaji. Katikati mbuzi alianza kutafuna begi langu, nikamfukuza kwa ukali, nikapiga chafya, nikaendelea. Nilipoisikiliza baadaye niliona aibu mpaka nikakosa usingizi. Nilijaribu kuifuta, lakini ilikuwa imeshatumwa kundi hadi kundi. Mjukuu wa yeyo ndiye aliyemsikilizisha. Yeye hasomi; bango aliliona ni picha ya daktari fulani tu. Sauti ndiyo aliyoijua.

Kicheko kikabadilika, na macho yote yakamgeukia mwuzaji. Kabla hatujamfikia alikuwa ameshakunja bango na kupanda bodaboda. Uso wangu ukaondoka chini ya kwapa lake, sijui kwenda mnada gani.

Nilimpakia yeyo hadi bomani kwake, nikamchoma ng'ombe sindano inayostahili. Jioni nilirudi kumchoma nyingine, na kesho yake ng'ombe akaanza kunusa majani. Jioni hiyo, wakati nanawa mikono, yeyo aliniuliza, bila kutabasamu:

"Kwa nini ulijiosha hivyo kwenye picha? Sisi mnadani, ng'ombe aliyeoshwa sana tunamzunguka mara mbili. Wewe ulitaka tukuamini au tukupende?"

Jibu lake bado nalitafuta.

Sasa sikiliza, mwanangu. Jipige picha ukiwa kazini, na tope lako na kovu lako, mahali ambapo watu wa kwenu watapatambua. Zungumza kwa sauti yako, maana wengi unaowaandikia watasomewa na wajukuu. Kila ukurasa useme unapatikana wapi na kwamba huuzi dawa minadani. Mimi nilidhani hilo linajulikana. Kiasi cha dawa usikiandike ovyo kwa mnyama usiyemwona, na jina la ugonjwa lihakiki hata mara kumi. Uoga wako wote upeleke hapo, ndipo unapofaa. Sentensi ikipinda, iache, itume. Hii yenyewe nimeiandika upya mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri, na sasa naiachia ilivyo.

Mungu akulinde barabarani na bomani. Akupe mikono isiyotetemeka mbele ya mnyama anayeumwa, na watu watakaokutambua hata ukifika umejaa vumbi.