Majembe Mapya ya Mzee Luhende

Chuma kilichokaa ardhini kina harufu yake. Ukikitoa na kukisugua kwa kidole, harufu hupanda puani kama damu ya jino lililong'oka, kisha hufuata ubaridi wa udongo. Mpaka leo nikiipata harufu hiyo moyo wangu haukumbuki michezo wala marafiki wa utotoni. Unakumbuka jina moja tu, Luhende, na hasira inaamka kana kwamba haikuwahi kulala. Wenzangu wa kanisani huniambia nimezeeka mno kwa chuki. Labda. Lakini wao hawakulala njaa kwa ajili ya mtu yule, na mwenye kovu usidhani kapoa.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla, nami nilikuwa msichana wa kama miaka kumi. Tulikaa upande wa Geita, nje kidogo ya njia iendayo Buseresere. Baba yangu alikuwa Msumbwa aliyefanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu, akaichoka, akaja kukata pori kwa shoka lake mwenyewe na kufungua shamba. Udongo wa pale ulikuwa mweusi, mzito, na mvua za kwanza zikinyesha ulinukia hata wajawazito wakaja kuuomba. Baba alivuna mihogo misimu michache tu, kisha homa ikamchukua. Hata matanga hayajaanuliwa, jirani yetu Mzee Luhende akaanza kulizunguka shamba lile kama fisi.

Luhende alikuwa tajiri wa ng'ombe aliyehamia kwetu kutoka Shinyanga mbung'o walipopungua. Alikuwa na tumbo, koti zito ambalo halikuvuliwa hata jua la mchana, na fimbo ya mpingo. Alikwenda kwa mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu, akadai kwamba shamba la baba yangu lilikuwa matongo, mahame ya baba yake, ambaye aliishi pale kabla ya vita ya Wajerumani mpaka ugonjwa wa malale ulipowahamisha watu. Wakati shauri linangoja, aliwaachia ng'ombe wake mihogoni mwetu, wakavunja na kula majani. Mama yangu alikwenda kulalamika akaambiwa avumilie. Mnyonge hana haki, na mjane ni mnyonge wa wanyonge. Tulikunywa uji mwepesi asubuhi, na jioni tulikunywa maji yaliyooshea sufuria ya asubuhi.

Mama hakulia wala hakutukana. Mimi ndiye nilikuwa nachemka. Kila asubuhi niliwalaani ng'ombe wa Luhende mmoja mmoja kwa jina, na siku moja nilipoikuta fimbo yake imeegemezwa nje kwa mwanangwa, niliipaka upupu kwenye mshikio. Alijikuna mbele za watu mpaka akafungua vifungo vya koti. Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu. Mama alipopata habari alinizaba kibao, akaniambia, "Kabula, kisasi cha upupu huisha jioni." Sikumwelewa. Nilidhani ananikataza kisasi.

Mwanangwa alisema hawezi kuamua kwa maneno matupu. Mahali palipokaliwa na watu hapakosi vyuma, basi Luhende aonyeshe vyuma vya baba yake. Luhende akamwita Bama. Huyu alikuwa mwanajeshi wa zamani, tulimwita hivyo kwa sababu alipigana nchi ya Bama katika vita vya Hitla, na huko alifundishwa kutafuta mabomu yaliyofukiwa. Baada ya vita aliajiriwa na Mzungu mmoja mtafuta madini, na Mzungu yule alikuwa na mashine kama ile ya jeshini: sahani ya duara kwenye mti mrefu, sanduku la betri mgongoni, na vitu vya kusikilizia masikioni. Bama aliruhusiwa kuiazima siku ambazo bwana wake alikuwa safarini. Watoto tuliambiwa inasikia chuma kikilia chini ya ardhi.

Basi kijiji kizima kikakusanyika shambani kwetu. Bama alitembea polepole, Luhende akimwelekeza kwa fimbo, pita huku, sasa huku, na mahali pale pale alipoelekeza mashine ikalia. Wakachimba. Yakatoka majembe matatu yaliyofuliwa na wahunzi, mapana, yenye mgongo katikati, yamefunikwa kutu nyekundu. Watu wakanong'ona. Wazee walitikisa vichwa kwa heshima, maana mtu mwenye majembe kama yale hakuwa mtu mdogo. Nilimtazama mama nikitegemea kuona machozi, nikamwona anatabasamu, kidogo tu, upande mmoja wa mdomo.

Mama alikuwa Mrongo, binti wa wahunzi, na aliyajua majembe yale tangu la kwanza lilipotoka. Hakusema. Aliomba ruhusa kwa mwanangwa, akapiga goti mbele ya Luhende, akamwamkia shikamoo kama binti mwema. Akauliza kwa sauti ya chini kama wazee walipohama pale waliondoka kwa vurugu. Luhende alicheka. Alisema baba yake hakuwa mtu wa kukimbia ovyo; walihamisha ng'ombe, mitungi, hata mawe ya kusagia, hawakuacha kitu cha maana nyuma.

"Na majembe ya mahari mkayaacha?" mama akauliza.

Hapo wazee wakayageukia majembe yale upya. Enzi hizo jembe jipya lisilotiwa mpini halikuwa la kulimia. Lilitunzwa juu ya jiko, likapakwa mafuta, likangoja siku ya posa. Mtu akihama aliacha kibutu, jembe lililolika mpaka likabaki kama ulimi. Mama aliwaonyesha kwamba mikia ya majembe yale haikuwahi kuingia kwenye mti, na makali yake hayakuwahi kuuma udongo. Kisha akamwomba Bama apitishe mashine kwenye jaa la zamani karibu na kichuguu, mahali ambapo Luhende hakuelekeza fimbo. Ikalia. Kikatoka kibutu ambacho kutu yake ilikuwa nyeusi na nene, imeng'ang'ania changarawe mpaka hukujua chuma kinaishia wapi na jiwe linaanzia wapi, na chini yake mavi ya chuma, yale makapi ya tanuri la wahunzi. Mama alisema hivyo ndivyo vya kale, navyo ni vya watu wasiojulikana, si wetu wala si wa Luhende. Akachukua jembe moja kati ya yale matatu, akalisugua kwa kidole gumba. Kutu ikatoka kama unga, na chini yake palikuwa na masizi yenye mafuta. Alilipitisha kwa wazee walinuse moshi.

"Haya yamefuliwa na baba yangu," alisema, na sasa sauti yake ilifika mpaka kwa watoto. "Mimi ndiye niliyevuta mivukuto. Nitazame, Mzee Luhende. Mimi ni wa kabla ya vita ya Wajerumani?"

Baadaye mke mdogo wa Luhende alisimulia kisimani kwamba yeye alimshauri mumewe afukie vibutu, si majembe ya mahari yaliyotunzwa juu ya jiko lao, akakataa katakata. Hakutaka kijiji kidhani baba yake alikuwa fukara. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mwanangwa aliturudishia shamba na kumtoza Luhende mtamba mmoja kwa ajili ya mihogo. Mama alimkataa mtamba. Aliomba majembe yale yatiwe mipini, na Luhende alime nayo sehemu yote iliyoharibiwa na ng'ombe wake, mwenyewe, bila mwana wala kibarua. Wazee waliguna, lakini mwanangwa alikuwa ameshaanza kucheka.

Akalima. Alivua koti. Wakwe zake walipita njiani wakimwambia pole na kazi, naye alilazimika kuitikia. Mama alikaa kivulini akibangua karanga na kumwonyesha alipoacha magugu. Nilifurahi, nasema wazi. Sikufurahi vile hata siku ya harusi yangu.

Siku hizi kila kijana wa huku ana detekta ya kutafutia dhahabu, nyepesi, ya kukunja, na vyuma vya kale wanavitupa njiani bila kuvitazama, wala hakuna anayejua jembe lilifuliwa na nani. Mwaka jana alikuja mmoja kuomba apime shambani kwangu. Kijana mwenye adabu. Aliponitajia ukoo nikajua ni mjukuu wa Luhende. Nikamuuliza kwao wanasemaje kuhusu shamba hili. Akasema, "Bibi, kwetu tunaambiwa lilikuwa letu. Eti mama yako alimroga mwanangwa."

Damu ilinipanda. Miaka yote hiyo nilidhani tulishinda, kumbe nyumbani kwao walikuwa wanalirudisha shamba kila jioni kwa midomo. Nikamwambia aketi juani, detekta yake ikiwa imewashwa magotini. Nikamsimulia yote, tangu homa ya baba, sikuruka hata upupu. Kila alipotaka kuizima nilimkataza, nikamwambia asimkatize mzee. Ile mashine ililia mara mbili kwa udhaifu, kisha ikanyamaza, betri imekwisha.

"Haya, mjukuu wangu," nikamwambia, "sasa unaweza kwenda kupima."