Mwenye Cherehani si Maskini

Watoto wa mtaa walimwita Mama Kagua. Kila Desemba walipomwona anakata kona na daftari kwapani, walitimua mbio mbele yake, nyumba hadi nyumba, wakipeleka habari. Yeye akidhani wanamfurahia. Thubutu! Mtu akishapewa cheo masikio huziba, hata kama cheo chenyewe ni cha kamati ya huruma ya kanisa, hakina mshahara wala kiti.

Lakini tusimhukumu upesi. Mwanamke huyu kabla ya kuwa Mama Kagua alikuwa Mama Mgomo, na jina lile hakupewa kwa mzaha. Miaka ishirini na miwili alisimama kwenye chumba cha kusokota nyuzi, kiwanda cha nguo, mashine namba sita, vumbi la pamba likimjaa puani hadi wenzake wakimtania kwamba akipiga chafya atatoa shuka. Makelele ya mle ndani yalikuwa hayasemeki. Jina la mtu halisikiki hata ukimpigia kelele sikioni, kwa hiyo wanawake waliitana kwa vidole, kwa namba za mashine zao. Yeye Sita. Jirani yake, Saba. Na hata nje ya geti waliendelea kuitana hivyo hivyo.

Wenye kiwanda walipotangaza kwamba mwanamke mwenye mimba ajihesabu hana kazi, Sita ndiye aliyezima mashine yake na kupanda juu ya kreti. Alikuwa hajui kuhutubia. Alionyesha tumbo la mwenzake mmoja, akaonyesha mlango, akatikisa kichwa. Mashine ya pili kuzimwa ilikuwa ya Saba. Siku tisa walikaa nje ya geti, na siku ya kumi tangazo likabanduliwa. Desemba hiyo mwenye kiwanda akaleta sukari, kila mfanyakazi pakiti moja na kadi yenye nyota. Sita akasema kwa sauti, mbele ya mameneja, "Mwaka mzima anatunyang'anya kwa mkono wa kulia, leo anatupungia sukari kwa wa kushoto. Akitulipa sawasawa sukari tutanunua wenyewe." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Sukari waliichukua, maana njaa haina siasa, lakini walicheka.

Kiwanda kilifungwa, mashine zikauzwa chuma chakavu. Kiinua mgongo kilikuwa kiduchu, na Sita na Saba wakaenda siku moja, duka moja, kila mmoja akanunua cherehani ya miguu. Saba akawa anashona sare za shule chumbani kwake, mumewe akapata ulinzi kwenye maghala. Sita alifiwa na mume, akapata wapangaji wawili wa vyumba vya uani, akawa na nafasi. Ndipo akaingia kanisani kwa miguu yote miwili.

Sasa sikilizeni alivyokuwa mkaguzi. Mwaka wake wa kwanza kwenye kamati, mifuko ya Krismasi ilitoka kwa mfadhili, yule mwenye maghala: mchele, mafuta, sukari, sabuni. Mifuko arobaini. Na nusu yake ikaishia kwa shemeji za mwenyekiti na wifi za mtunza funguo. Mama akawaka. Alisimama kikaoni akauliza kama maskini wa kanisa hili wote wametoka tumbo moja. Akadai kanuni, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kalamu, aliziandika mwenyewe. Mwenye kazi haingii kwenye orodha. Mwenye cherehani, baiskeli au friji haingii. Anayeficha mali anakatwa, na harudi miaka mitatu. Nani wa kuhakikisha? Yeye. Alitaka haki, jamani. Huyu mama hakuwahi kutaka kitu kingine.

Basi akaanza kuingia nyumba za watu. Akifunua masufuria. Akiinama chini ya vitanda. Akigonga madebe kusikia kama yana kitu. Hakuwa mkali. Alisema "samahani mwanangu" kila alipofunua, na wenye nyumba walisimama ukutani wakitazama vidole vya miguu yao. Mfadhili alimsifu hadharani kwamba tangu mama huyu aje, anajua msaada wake unawafikia maskini wa kweli. Mama Kagua akatabasamu wiki nzima.

Mwaka uliofuata jina la Saba lilipendekezwa. Akamkata. Ana cherehani. Hakulala vizuri siku mbili, lakini akajiambia kanuni haina rafiki.

Mwaka huu jina likaja tena. Alikwenda asubuhi, akabisha hodi, na Saba akamfungulia bila kumkaribisha kiti. Kitanda kimoja, stuli mbili, ndoo, jiko. Chini ya dirisha sakafu ilikuwa na alama nne safi za miguu ya kitu kizito kilichokaa pale miaka, na kwenye nyufa za saruji vipande vya nyuzi za bluu, za sare.

"Cherehani iko wapi?"

"Nimeuza."

"Saba."

"Nimeuza, nimekwambia. Andika."

"Lini? Umemuuzia nani?"

Saba akakaa kitandani, na sauti ikamtoka nyingine kabisa. "Nilisikia watoto wanapiga mbio kwamba unaanza kukagua. Nikaipeleka kwa jirani, ikae siku tatu tu mpaka upite. Juzi mchana jirani kaenda sokoni, wezi wakavunja mlango. Redio yake wamechukua, na cherehani yangu. Pamoja na vitambaa vya watu, Sita. Vitambaa vya wateja."

Mama Kagua akazitazama zile alama nne sakafuni.

"Mwaka jana ulinikata kwa cherehani. Nilishona mpaka macho yakauma, na bado Krismasi tulikunywa chai kavu, mimi na mwenzangu, tumefunga mlango ili jirani asione. Nikasema mwaka huu nitakuwa na akili. Ona akili yangu!" Akacheka, kicheko kibaya. "Haya, andika. Fungua masufuria, chungulia chini ya kitanda. Mwaka huu sina cha kuficha. Sasa mimi ni maskini wa kweli."

Aliandika. Jina aliliandika mara mbili bila kujua. Alipotoka pale akajiambia ukweli. Si mwizi aliyemharibia Saba, mwizi alikuja nyuma. Aliyetangulia ni yeye, na kanuni yake.

Na ubaya wa jicho ni kwamba likishafunguka halifumbiki tena. Nyumba zilizobaki alizipita bila kugusa sufuria, akiwa anauliza swali moja tu: humu nani anafanya kazi, na wapi? Kamati ilikuwa haihesabu vibarua kuwa wenye kazi, maana kibarua leo yupo kesho hayupo, si kazi ile. Yeye sasa akawa anaandika pembeni kwa penseli. Mpakiaji, maghala. Mfagiaji, maghala. Mlinzi, maghala, na huyo alikuwa mume wa Saba, kibarua mwaka wa kumi na nne. Alipomaliza mtaa alihesabu zile alama za penseli. Kati ya nyumba arobaini, kumi na moja.

Siku ya kikao alifika mapema. Ukumbini akinamama walikuwa wameshapanga pango la Krismasi kwenye meza, na sanamu zake za plasta. Akamtazama yule seremala aliyesimama na msumeno mkononi, mkewe amejifungua kwenye majani, punda nyuma yao. Ana ufundi, akawaza. Ana vifaa vya kazi. Ana punda. Ningemkata. Angeuficha msumeno kwa jirani nisiuone, na ningemkata vilevile, miaka mitatu. Machozi yakamjaa, na yeye si mtu wa kulia kwenye kumbi.

Mchungaji alifungua kwa sala. Mfadhili alikuwepo, mtu mpole, shati jeupe, mwenye kusalimia kila mtu kwa mikono miwili. Hakuwa jitu la kutisha, na hilo ndilo lililofanya jambo lenyewe liwe gumu.

"Mama, orodha yetu," mwenyekiti akasema.

"Hii hapa. Ila kabla sijaitoa nina neno. Mimi sitakagua tena. Watu wanaficha vyombo vyao wakisikia nakuja, na kuna mwenzetu mmoja amepoteza riziki yake kwa sababu hiyo. Tumewafanya watu washindane kwa ufukara. Hilo ni kosa langu, natubu mbele yenu."

"Mungu ni mwema," mchungaji akasema taratibu.

"Sijamaliza, mchungaji. Nyumba hizi ni arobaini. Kumi na moja kati yake zina mtu anayefanya kazi kwenye maghala ya mzee wetu huyu." Akamgeukia mfadhili. "Mzee, nakuuliza kwa heshima zote. Imekuwaje watu wanakufanyia kazi mwaka mzima, halafu Desemba wako kwenye orodha ya maskini wako? Si afadhali uwape mkataba, hiyo mifuko tusiihitaji?"

Kule nyuma wanakwaya waliendelea na mazoezi. Mwenyekiti akatazama dari. Mfadhili hakukasirika, au hakuonyesha.

"Mama, Krismasi si wakati wa siasa," akasema. "Ni wakati wa upendo. Lakini umesema jambo la maana, na mimi naheshimu kanuni zenu. Si mmeandika kwamba mwenye kazi haingii? Kama hawa kumi na moja wana kazi kwangu, basi wana kazi. Mifuko yao wapewe wasio na kazi kabisa."

Haya sasa! Ghalani kwake ni vibarua, mkataba hawastahili. Ukumbini wamegeuka wafanyakazi, mfuko hawastahili. Mama Kagua akafungua mdomo ajibu, lakini kanuni ilikuwa yake, mwandiko wake, wino wake. Mikono ikanyooshwa. Kumi na moja wakakatwa, Saba akiwa wa nne. Mchungaji peke yake hakunyoosha mkono. Hakusema kitu pia.

Mifuko ilitoka Jumapili, kelele na picha kama kawaida. Mama Kagua hakwenda. Alikaa kwake akiitazama cherehani yake chini ya dirisha, akiwaza kwamba miaka yote ile ya kufunua masufuria ya watu, kwake hakuna aliyewahi kuingia kukagua.

Siku ya Krismasi, ibada ilipokwisha, aliazima mkokoteni kwa muuza mkaa, wapangaji wakampakilia cherehani, akausukuma mwenyewe. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu, na nguo ya kanisani, anasukuma mkokoteni! Watu walisimama milangoni. Hakugeuza shingo.

Mume wa Saba alikuwa ametoka lindo, shati la kazi ameliangika msumarini. Akamsaidia kuishusha cherehani bila kuuliza. Saba alisimama na mikono kiunoni.

"Cherehani niliipoteza kwa kanuni yako," akasema. "Mfuko nimeupoteza kwa mdomo wako. Leo umekuja kuchukua nini?"

"Sijaja kuchukua. Nimekuja kulipa."

"Maana kama ni sadaka, sadaka inataka shukrani, na mimi leo sina."

"Sijaiomba."

Saba akaizunguka ile cherehani. Akazungusha gurudumu, akavuta mkanda, akafungua kijumba cha bobini akachungulia ndani, polepole, kama mtu mwenye siku nzima. Mama Kagua akasimama ukutani kungoja, na ndipo alipojua ukuta ule unavyokuwa.

"Mkanda umelegea," Saba akasema.

"Najua."

"Na mafuta haijaonja tangu lini?"

"Mwaka huu wote."

"Ulikuwa na kazi ya masufuria ya watu." Hakutabasamu. Lakini akasukuma stuli moja kwa mguu kuelekea kwa mwenzake, naye akaikalia.

Yule mlinzi alikuwa akisikiliza pembeni. Sasa akauliza, "Shemeji, nimesikia ulitaja idadi pale kikaoni. Kumi na moja?"

"Kumi na moja niliowaona mimi. Mitaa mingine sijui."

"Hapana. Haiwezekani. Pale ghalani kila mtu anajisifu. Mpakiaji yule mrefu anasema kwake wanakula mara tatu. Mfagiaji anasema ana akiba. Mimi mwenyewe nawaambia mke wangu ana cherehani, hatuna shida." Akalitazama shati lake msumarini. "Miaka kumi na minne nilijua ni mimi tu."

"Si wewe tu. Na wao wanajua ni wao tu."

"Unazijua nyumba zao?"

"Zote. Mpaka vitanda vyao."

Mlinzi akasimama, akalitwaa shati msumarini, akaanza kufunga vifungo. Alisema leo maghala yamefungwa, wote watakuwa nyumbani, wawapitie mmoja mmoja waambiane ukweli, maana siku nyingine kama hii ni hadi mwakani. Mama Kagua naye akasimama. Magoti yalimuuma kwa ule mkokoteni, lakini alikwisha kufika mlangoni Saba aliposema, "Ngoja wewe."

Akajitanda khanga yake, akampita, akatoka nje wa kwanza.

"Kaa nyuma yangu," akasema. "Hodi nitabisha mimi. Wakikuona wewe mbele wataanza kuficha vitu."