Jina Nililolipeleka Angani

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana nikifika katikati sitakusubiri. Haya niliyaona kwa macho yangu, saa tatu asubuhi, jua limewaka, na sikuwa nimekunywa chochote zaidi ya chai. Wengi wanadhani waliokufa hutoka usiku tu. Nani aliwaambia?

Mimi ni mtu wa Busale, Kyela. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, Ikupa. Ukimwita yuko shambani kwenye mpunga, ataacha jembe aje. Mama alitufundisha kwamba kumwacha mtu akuite mara ya pili ni kumdharau. Mimi nilisahau, yeye hakusahau. Majirani walimtania, "Ikupa, hata bata akilia wewe unaitika." Naye akicheka, "Je, kama ananihitaji?"

Miaka ile sabuni ilipokuwa adimu, vijana tulivuka kwa mtumbwi kuifuata upande wa Malawi. Siku moja mtumbwi ulikuwa umeshajaa. Ikupa alisimama ufukweni, khanga yake ameikunja mkononi, anasita. Mimi ndiye niliyemwita. "Ikupa, njoo, nafasi ipo." Nafasi haikuwepo. Akaja. Tuliondoka saba, mtumbwi ukazama njiani, tukapona wanne, na yeye hakuwa miongoni mwetu.

Ziwa halikumtoa. Nyumbani walizika mgomba mahali pake, na wazee wakatuonya: jina lake lisiitwe tena mpaka azaliwe mtoto wa kike katika ukoo alichukue. Hapo ndipo atakapolala.

Mimi nikaenda zangu Dar. Cheti cha kidato cha nne na mkono mzuri wa kuchora vilinipatia kazi katika ofisi moja ya ramani za marubani. Labda hujui, lakini angani kuna vituo. Hakuna nguzo wala kibao, ni mahali tu kwenye ramani panapopewa jina la herufi tano, jepesi kutamka redioni, ili rubani aseme atafika hapo dakika fulani. Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ndege ndogo za watu binafsi ziliongezeka, njia nazo zikaongezeka, na majina yakahitajika. Sisi tukafanya mchezo. Tuliweka PILAU juu ya bahari na UGALI juu ya nyika. Marubani walifurahi sana. Mmoja alikuja ofisini akasema, "Leo nimepita Pilau tumbo likaunguruma, abiria wakadhani injini."

Siku moja mkuu wetu, Bwana Shomari, akaweka kidole kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. "Wewe Mnyakyusa, hapa kwenu. Nipe jina."

Nilitazama ile buluu. Nilikuwa nimeipaka mwenyewe. Nikasema, "Ikupa."

"Nani huyo, mchumba?"

"Ndiyo."

"Basi mahari utawapelekea mawingu."

Ofisi nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao. Niamini, sikuwa na nia mbaya. Nilidhani ninamkumbuka.

Mwaka uliofuata nilipata likizo nikaenda kumsalimia mama. Madukani Kyela sabuni ilikuwa imejaa, ya kila rangi na kila harufu, nikapita bila kuitazama. Asubuhi nikaazima baiskeli nikashuka ziwani, upande wa Itungi. Kungu walikuwa wamepaa, wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kama moshi wa shamba linalochomwa. Wingu lao moja lilikuwa karibu kabisa na ufuko. Ndege ndogo ikapita juu, ikielekea kusini. Na ndani ya moshi ule akatoka Ikupa, anatembea upesi kama mtu aliyeitwa. Khanga ileile. Kavu.

"Ugonile, kaka," akanisalimia, ile salamu yetu ya kuulizana kama tumelala salama.

Unauliza kwa nini sikukimbia? Kwa miguu ya nani? Nikamwitikia, na mimi nikamuuliza kama amelala.

"Silali. Kuna mtu ananiita." Akaonyesha juu kwa kidevu. "Ananitaja, halafu anataja dakika. Ikupa, dakika ishirini na tano. Na mimi nafika dakika hiyohiyo, kaka. Sijachelewa hata siku moja. Nikifika, yeye anapita tu kule juu. Nimemkosea nini?"

Kyela nzima hapakuwa na mtu aliyejua kwamba jina lile liko kwenye ramani. Hata mama sikuwa nimemwambia. Sasa niambie, aliyenisemesha pale ni nani?

"Usiitike," nikamwambia.

Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Niitwe, nisiitike? Hata wewe uliponiita nilikuja."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nikamwahidi kwamba nikirudi Dar nitalifuta. "Ndaga fijo," akashukuru, akarudi ndani ya kungu. Upepo ulipowatawanya yalibaki maji matupu. Shati langu jeupe lilikuwa limejaa kungu waliokufa, upande mmoja tu, ule aliosimama yeye.

Bwana Shomari hakunikatalia. "Ramani zimeshachapwa," alisema. "Andika barua ueleze sababu, toleo lijalo tutabadilisha. Vipi, mmeachana?" Nikacheka tena. Barua ile niliianza mara nyingi. Sababu ilikuwa moja, na ilianzia kwenye mtumbwi. Hakuna mtu niliyewahi kumwambia kuwa ni mimi niliyemwita siku ile. Hata mama alijua Ikupa alipanda kwa hiari yake. Kila nikishika kalamu najiambia wiki ijayo, na kabla wiki hiyo haijafika wakaanza kupunguza wafanyakazi. Nilitoka pale na karatasi yenye mstari mmoja: "Naomba jina hili lifutwe kwa sababu".

Tangu hapo sikai mahali. Nimeishi Tunduma, Mpanda, Songea, na kila nisikiapo ndege natazama saa. Binti yangu alipozaliwa, mama alisafiri siku mbili kuja kumpokea. "Aitwe Ikupa," alisema, "mwenzake apumzike." Nikakataa. Niliogopa mtoto wangu atakuja kuinuka kitandani kuitikia redio asiyoisikia mtu mwingine. Mama hakuniuliza kitu. Aliikunja khanga aliyomletea mjukuu, akairudisha kwenye mkoba wake, akaondoka. Amekufa akijua kwamba nilimnyima Ikupa usingizi, na kwa nini, hakujua.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukipewa kitu ukipe jina, iwe mashua, iwe duka, iwe hata mahali ambapo hapana kitu, kipe jina la chakula. Pilau haitainuka ikikusikia. Na ukimwita mtu, hakikisha upo atakapofika.

Siku hizi niko hapa mpakani, Kasumulu, siku mbili tatu hivi kabla sijahama tena. Asubuhi hii ndege imepita kuelekea ziwani. Nimetazama saa. Sasa hivi atakuwa ameshafika, amesimama, anatazama juu.