Makohozi ya Mama Mkwe

Watu wakisikia mtu alifanya kazi maabara, wanamwona amevaa koti jeupe, ameinamia hadubini, anagundua jambo. Mimi sikugundua kitu. Nilikaa kwenye kidirisha, na kazi yangu ilikuwa kupokea: choo kikubwa, choo kidogo, makohozi, na damu zilizoletwa kutoka wodini. Nilipokea, nikabandika kikaratasi chenye jina, nikapanga kwenye trei ya mbao na kumpelekea mkuu wa maabara. Jioni nilioga kwa sabuni ya mche na kujisugua kama sufuria ya ugali. Watoto wa mtaani kwetu, pale Kilosa, waliniita Bwana Viberiti. Wakati ule choo kililetwa ndani ya kiberiti kitupu, na mtu asiyevuta sigara akionekana asubuhi anaelekea hospitali na kiberiti mkononi, safari yake haikuhitaji maelezo.

Uhuru ulikuwa umekwisha kuzoeleka, Ujamaa ndio kwanza unaingia. Kila siku tuliambiwa maadui wa taifa ni ujinga, maradhi na umaskini. Nilijihesabu askari wa vita dhidi ya yule wa kati, ingawa silaha yangu ilikuwa ndoo ya dawa ya kuulia wadudu na tambara. Nilikuwa na darasa la nane la shule ya misheni na kiburi cha kutosha watu wawili. Nyumbani sikuwa nikisema ninapokea nini. Nilisema niko maabara, nikaliacha neno lenyewe lifanye kazi.

Kilichonishangaza pale kidirishani si uchafu. Uchafu unazoeleka upesi kuliko mtu anavyodhani. Kilichonishangaza ni adabu ya watu. Mzee mmoja alikuja kwa treni kutoka Mikumi amebeba kopo la samli limejaa pomoni, limefunikwa kwa jani la mgomba na kufungwa kamba. Nilipomwambia tunataka kiasi cha punje ya harage tu, alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, serikali nzima inaomba kidogo hivyo?"

Mama mwingine aliuchuja mkojo wake kwa kitambaa cheupe ili usije ukatia aibu. Wengine walileta choo cha siku waliyojisikia vizuri, wakakiacha kile cha siku ya tumbo kuuma, maana nani apeleke kitu kama kile mbele za watu? Nilicheka sana siku za mwanzo. Baadaye nikaacha kucheka. Sisi tumelelewa kumpa mgeni kuku mnono na kiti kisichoyumba, na kilicho kibaya tunakificha nyuma ya nyumba. Sasa imekuja hospitali, nayo inasema: leta kile unachokificha, na ukilete kikiwa kibaya kama kilivyo. Hilo ni jambo gumu kumwambia mtu mwenye heshima zake.

Mama mkwe wangu alikuwa mwenye heshima zake. Aliishi Lumuma, kule milimani, Mkristo wa kanisa la pale, mkulima wa maharage, mjane, mtu wa maneno machache. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Nikienda kwake nilikohoa nikiwa bado mbali, naye akajifunika kanga na kuingia ndani. Nilisema "Shikamoo, mama" kwa ukuta, na ukuta ukaitika "Marahaba." Miaka ile yote ya ndoa sikuwa nimeuona uso wake hata mara moja. Nilimpenda hivyo hivyo. Kuna watu unaowaona kila siku na huna unachowajua.

Mwaka ambao vijiji vilikuwa vinapangwa upya na watu wanajenga vibanda vya haraka, mke wangu alirudi kutoka Lumuma uso umemshuka. Mama yake alikuwa anakohoa tangu mavuno, amekonda, na jasho linamtoka alfajiri mpaka analowesha mkeka. Mbaya zaidi, mtoto wetu wa kwanza alikuwa kule kwa bibi yake, analala naye mkeka mmoja kama ilivyo desturi. Nilishapokea makohozi ya watu wengi wenye habari kama hiyo. Sikumwambia mke wangu kwamba nilikuwa nafikiria kifua kikuu. Nilimwambia amlete mama, na mtoto.

Akaja. Tulimpa chumba cha nyuma chenye mlango wake wa uani, ili nipite mbele naye apite nyuma. Mtoto tulimrudisha kitandani kwetu, akalia kwa kumtaka bibi. Sasa nilikuwa namsikia mama mkwe kupitia ukuta. Mimi nilikohoa kwa adabu nilipoingia uani, naye akakohoa kwa ugonjwa, na kwa muda hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Nilimpa mke wangu kopo dogo la mafuta ya kupaka, nimeliosha na kulichemsha. Nikamwelekeza: asubuhi, kabla hajanywa uji, akohoe kwa nguvu kutoka kifuani, ateme humu.

Asubuhi kopo lilikuwa mezani, limefunikwa. Nililibeba mwenyewe mpaka kazini, nikalibandika jina. Mkuu wa maabara alikuwa mtu wa Tabora, mnene, mcheshi, aliyeitegesha hadubini yake dirishani ili kioo chake kinase jua. Alifunua kopo, akalitikisa, akanionyesha. Ndani mlikuwa na mate meupe, mepesi, yenye povu.

"Haya ni mate ya mtu anayetamani nyama choma," alisema. "Mgonjwa wako anakohoa kweli?"

Akayapaka kwenye kioo, akayatia rangi, akatazama. Hapakuwa na kitu. Nilirudi nyumbani, nikamwambia mke wangu arudie. Kopo la pili likaja vilevile, jepesi, safi. Na nyuma ya ukuta kile kikohozi kikaendelea, kizito, cha kukwaruza.

Hapo nilimkalisha mke wangu jikoni nikamuuliza. Aliinama, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Ni mate yangu," alisema. "Yote mawili. Mama kaniamuru."

"Kwa nini?"

"Amejua kazi yako. Kaambiwa na jirani kwamba wewe ndiye unayepokea. Anasema, afadhali afe kuliko mkwe wake ashike makohozi yake. Akasema, mpe ya kwako, yako ni safi, hayatamdhalilisha." Kisha akaanza kulia. "Nimkatalie mama? Nimkatalieje?"

Sikuweza kumkasirikia, ingawa nilitaka. Hakukuwa na udanganyifu mle ndani. Kulikuwa na mama anayemheshimu mkwe wake mpaka kufa, na hii kwangu ilikuwa habari ya kutisha. Ningemsihi mwenyewe, lakini kwa mdomo gani? Mwiko uliomzuia kuniletea ndio ulionizuia kumwomba. Nikawaza mtoto wetu, aliyekuwa akipenya kwenda chumba cha nyuma kila tulipogeuka. Niliogopa, na niliogopa kweli.

Kesho yake nilimweleza mkuu wa maabara kila kitu, hata na aibu yake. Alisikiliza akiwa anafuta lenzi. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mkweo ni mtu wa milimani, siyo?"

"Ndiyo."

"Kumbe ni mtani wangu! Na wewe umekaa kimya muda wote huu?"

Watu wa Tabora na watu wa milima yetu wanataniana tangu enzi za misafara ya wapagazi wao iliyopita Kilosa kwenda pwani. Mtani anaweza kukuambia lisilosemeka. Anaweza kuingia uani kwako na kukamata kuku, na usimshitaki popote. Ukifa, yeye ndiye anayefanya zile kazi za msibani ambazo ndugu hawazigusi, huku anaiga mwendo wako na kuwachekesha wafiwa. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Sikuwahi kufikiri kwamba lingeweza kuingia maabara.

Mchana ule ule alifika nyumbani kwangu bila koti jeupe, kopo mfukoni. Mimi nilibaki nyuma ya wigo wa jiko, mahali ambapo mkwe anaruhusiwa kusikia.

"Hodi! Nimekuja kuiona maiti yangu!"

Kisha sauti ya mama mkwe, ambayo sikuwahi kuisikia ikisema zaidi ya marahaba, ikatoka na makali.

"Maiti ya nani? Mpagazi wewe! Mzigo umeutupa wapi?"

"Mzigo wenyewe ndio wewe. Nimekuja kupima uzito kabla sijakubeba. Lakini naona umekonda, watani zangu mmeanza kunipunja hata kwenye mazishi."

"Wewe na tumbo hilo utachimba kaburi gani? Ukiinama utatumbukia wewe!"

Akacheka. Mama mkwe wangu, yule wa kanga usoni, alicheka kicheko cha msichana, na kicheko kikaamsha kikohozi, na kikohozi kikamkamata kikamtikisa. Nilisikia mkuu wa maabara akibadili sauti, akasema taratibu, "Humu, mama. Humu humu. Ya kwangu hayo, usininyime." Nikasikia mama akitema. Nilishika mti wa wigo kwa mikono miwili na machozi yakanitoka, sijui kwa kicheko au kwa nini.

Asubuhi iliyofuata jua lilikuwa zuri. Mkuu wa maabara aliyapaka makohozi kwenye kioo, akatia rangi nyekundu, akapasha kioo moto wa spiriti, akasuuza, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akajitenga na hadubini akaniambia nije nione. Mara nyingine zote ningekimbilia. Siku ile niliganda. Uso wa mama yule sijautazama, na sasa naitwa nimtazame kifuani. Yeye alinielewa. Akageuza kile kioo cha kunasia jua upande wa ukuta, pakawa giza mle ndani ya hadubini, akasema tu, "Wapo. Wengi."

Mama mkwe alilazwa, akachomwa sindano kila siku mpaka akawa anakaa upande mmoja tu wa kiti. Mtoto alipimwa, akaonekana mzima, na usiku wa siku hiyo mke wangu hakuacha kumshika. Mtani alikuwa akipita wodini kila asubuhi kuuliza kama maiti yake imeamka. Wauguzi waliniambia mama alikuwa anaitengeneza kanga kichwani kumsubiri aje amtukane.

Miezi ikapita, mavuno mengine yakaja. Mwili ulimrudia, kikohozi kikaisha. Kabla ya kuruhusiwa kurudi Lumuma ilibidi apimwe makohozi mara ya mwisho, na mkuu wa maabara alikuwa amekwenda Mikumi kikazi. Niliketi kidirishani kwangu, foleni ndefu, viberiti na makopo yakipita mkononi mwangu. Mtu akatoka, mtu akaja. Kisha mbele yangu badala ya uso nikaona mgongo.

Nilizijua zile kanga. Watu wa kwenye foleni walirudi nyuma kumpisha, maana wengi wao walikuwa wa kwetu na walielewa wanachokiona. Alikuwa amesimama wima, ametazama kule uwanjani, na mkono wake umerudi nyuma mpaka kwenye kidirisha. Kiganjani kulikuwa na kopo. Akaligongesha kwenye mbao.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, baba." Akavuta pumzi. "Pokea. Ni yangu mwenyewe."

Nikasimama, nikayapokea kwa mikono miwili.