Ushuhuda wa Mama Nasike

Jumapili moja mwaka 2003, kanisani Kitengela, Mama Nasike alishuhudia kwamba ameponywa ugonjwa wa sukari, maana alikuwa amejisikia vizuri siku tatu mfululizo. Jioni akina mama wa kanisa wakamletea kreti ya soda nyumbani kwake.

"Kunywa, dada! Si umepona?" Mama Muthoki akamhimiza. "Hata mimi kesho natupa dawa zangu za presha."

Mama Nasike akashtuka. Marehemu mamake, aliyekuwa na ugonjwa huohuo, alificha sukari guru ndani ya kitambaa cha kichwa, akamdanganya daktari mmoja kwamba hali vitu vitamu. Naye binti, bingwa kumshinda mama, amedanganya kanisa zima! Akatumbukiza mkono katika mtungi wa maji uliokuwa pembeni, akatoa chupa ya insulini iliyokuwa ikipoa humo.

"Usitupe, Mama Muthoki. Hii nilijidunga asubuhi, kabla ya ushuhuda. Jumapili ijayo nitashuhudia upya, mnipigie makofi hata kama ni kidogo."