Nguzo ya Kona, Chini ya Chumba cha Mkunga

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi, maana nilijua nimeajiriwa serikalini. Kabla jua halijawa kali nilikuwa natambaa kwa tumbo chini ya sakafu ya nyumba ya mbao kule Mbozi, utando wa buibui umenijaa masikioni. Msimamizi wa Majengo, mtu mfupi aliyeongea huku amefumba jicho moja, alikuwa ameinama nje akinitazama.

"Gonga kila nguzo kwa mpini wa nyundo," aliniambia. "Ikilia kavu, nzima. Ikilia kama debe la pumba, mchwa wameshahamia."

"Na paa je, mzee?"

"Paa hata mpita njia analiona. Wewe umeajiriwa uone asichokiona."

Kwa ninyi mliokulia kwenye nyumba za matofali, nyumba hizo za mbao zilijengwa na wageni, wakulima wa kahawa na wakandarasi wa barabara. Sakafu iliinuliwa juu ya nguzo fupi, mtu aweze kutambaa chini yake. Kuta zilikuwa mbao za ulimi na mfereji, yaani ukingo wa ubao mmoja unaingia ndani ya mtaro wa mwenzake ili upepo usipite. Baada ya Uhuru wengi wao waliondoka, nasi mafundi wa wilaya tukabaki kuziuguza. Kutoka Mbozi nilipelekwa Kamsamba, kwenye joto ambalo mchana msumari haushikiki, kisha Tunduma kwenye nyumba za watumishi wa mpakani. Huko ndiko nilikompata rafiki yangu Ramadhani, mpaka rangi kutoka Tabora, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi.

Wakati wa vijiji vya ujamaa, Katibu Tarafa alituita sote wawili. Kulikuwa na nyumba ya mbao iliyotelekezwa katika kijiji kimoja kwenye njia ya kushukia Msangano. Popo walikuwa darini, mbuzi sebuleni, na magugu yalishaingia kupitia dirishani. Mwenyekiti wa kijiji alitaka ibomolewe, mbao ziwe madawati. Mkunga wa kijiji aliiomba iwe nyumba ya kujifungulia, kwa kuwa hospitali ilikuwa mbali na masika barabara ilikatika.

"Ndugu mafundi," alisema Katibu Tarafa, "mvua zikishika kabla nyumba haijakaa sawa, nabomoa. Sitaki mama mzazi aangukiwe."

Mkunga huyo alikuwa mama mkwe wangu, na mke wangu alikuwa mjamzito. Mtoto wetu wa kwanza alifia juu ya tela la trekta, tumenasa kwenye tope njiani kwenda hospitali. Kwa hiyo nyumba ile sikuichukulia kama kazi nyingine. Niliogopa, na kila wingu lililojitokeza lilinikosesha raha.

Jambo jingine lilikuwa mila. Kwetu Wanyamwanga wa enzi zile, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawasemezani, wala hawakai chini ya paa moja. Mkwe akija hupiga makofi mbali ili umpishe. Basi tukapangana kupitia kwa mke wangu kwamba asubuhi nyumba ni ya mafundi, na alasiri ni ya mkunga, aje kufagia na kupanga vyake. Ramadhani alicheka mpaka akakaa chini.

"Fundi, wewe nyoka unamuua kwa jembe, mama mkwe unamkimbia kupitia dirishani!"

Tulifyeka, tukawafukuza popo kwa moshi wa pilipili, tukakwangua samadi sakafuni. Tunduma tuliomba kwa madereva wa malori oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwenye injini, tukazipaka nguzo kuzuia mchwa. Mwisho ikabaki nguzo moja ya kona, chini ya chumba chenyewe cha kujifungulia. Niliigonga, ikalia debe la pumba.

Kubadilisha nguzo, unainua mhimili, boriti inayobeba sakafu, kwa jeki, unatoa iliyooza, unaingiza mpya, kisha unapigilia kabari juu yake hadi ikaze. Jeki yetu ilikuwa kuukuu ya lori. Ilivuja mafuta, ukiiacha inashuka yenyewe taratibu.

Asubuhi ya kuibadilisha nilikuwa chini ya sakafu, nimeshaitoa nguzo mbovu, na Ramadhani yuko juu akigongelea mabati. Kwa kelele zake sikusikia makofi. Nilichosikia ni nyayo juu ya kichwa changu, halafu mguno wa mke wangu. Uchungu ulikuwa umemshika, na mama yake hakuwa na muda wa kungoja zamu.

Jeki ikaanza kushuka. Nikapampu, ikapanda, ikashuka tena. Sauti yangu mkwe hapaswi kuisikia, kwa hiyo nilipiga mluzi. Ramadhani aliteremka, akaona kandambili za kike kwenye ngazi, akaelewa. Akaja akitambaa, anaburura nguzo mpya ya mninga.

"Piga kabari!" alininong'oneza.

"Nikipiga nyundo namtikisa mke wangu mgongo!" nilimjibu kwa kunong'ona.

Tukaisimamisha nguzo, tukapachika kabari kwa mikono, kisha nikaiachia jeki. Ilishuka polepole kama kawaida yake, mhimili ukalala juu ya kabari bila kishindo. Ubovu ule tulioulaani wiki nzima ndio uliotuokoa.

Kutoka hatukuweza, wanawake waliomsindikiza walikuwa ngazini. Tulilala pale pale kwenye vumbi. Juu kukawa kimya kirefu, nami nikalikumbuka lile tela. Kisha mtoto akalia, kwa nguvu, kama aliyeonewa. Nililia pia. Ramadhani alinipa kitambaa chake cha kufutia oili, nikajipaka weusi uso mzima.

Sauti ya mkwe ikapita katikati ya mbao.

"Ramadhani! Mwambie huyo mwenzako sakafu ilizama, nikaogopa, halafu ikatulia. Mwambie ni binti, mzima, na mama yake mzima. Atoke aje amwone. Mimi nimegeukia ukutani."

Ramadhani, tumelala bega kwa bega, akanigeukia kwa adabu zote. "Mwenzangu, unaambiwa..."

Mvua ziliposhika Katibu Tarafa alikuja na mabuti yake, akarukaruka pale kwenye kona. "Haya," akamwambia mwenyekiti, "madawati mtatafuta mbao nyingine."

Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, wengine wakali, wengine wavivu, na nyumba nyingi nilizozitengeneza zimeshaliwa na mchwa. Sina kinyongo, kazi ya mbao ndivyo ilivyo. Ile moja kila mwaka nilikwenda kuikagua mwenyewe. Nilitambaa chini, nikaigonga nguzo ya kona, nayo ikalia kavu. Na kila mara juu yangu mkwe alijibu kwa kisigino, ko, ko. Hakuwahi kunisemesha. Ile ndiyo ilikuwa shikamoo yangu na marahaba yake.

Wiki niliyostaafu nilikwenda tena na Ramadhani. Mkwe alikuwa amezeeka, macho yamefifia. Niligonga, nikangoja. Nikagonga mara ya pili. Kisha ikasikika fimbo yake, ko, ko, taratibu. Nikatokea upande wa pili, nikajipangusa magoti, nikaenda kurudisha nyundo ya serikali.