Kidole Kilichobaki Kwenye Ukurasa

Saa nne asubuhi, jua linapoingia vizuri kwenye dirisha la chumba chake huko Makindye, Séraphine anafunga mlango kwa komeo, anausukuma kwa bega kuhakikisha, kisha anausukuma tena. Ndipo anapovaa soksi mkononi.

Ni soksi nyeusi ya shule ya mwanawe Tresor, imekatwa ncha ili vidole vipate pa kutokea. Kidole gumba cha kushoto peke yake hakitoki. Hicho kimefungwa kitambaa, na soksi imekifunika hadi juu.

Mbele yake ipo stuli ya plastiki iliyotobolewa tundu katikati. Juu ya tundu imelazwa simu, na chini ya stuli kuna jarida kuukuu lenye karatasi za rangi ya chai ya maziwa. Anabonyeza pambizo kwa njiti mbili za mwanzi, anabana pumzi, anapiga picha. Nje geti linalia. Séraphine anaganda, njiti zikiwa mkononi, mpaka anaposikia ni muuza ndizi.

"Hapa niko nasema na wewe, lakini roho iko kwa geti," anasema, na anacheka kidogo, kicheko cha mtu asiyeona cha kuchekesha.

Jina lake si Séraphine. Majina ya jirani zake nayo si yao. Hata kidole, kwa ombi lake, gazeti limekibadilisha.

Kazi yake ni kuyapiga picha majarida na vijitabu vya zamani vya waanakisti, ukurasa kwa ukurasa, ili viwekwe mtandaoni kwenye hifadhi ambapo yeyote duniani anaweza kuvisoma. Waanakisti ni watu wanaoamini kwamba binadamu wanaweza kuishi na kuelewana bila serikali wala bwana yeyote juu yao. Kampala haikuwa nao wengi. Lakini miaka michache baada ya vita vya 1986, kikundi kidogo cha wasomaji kilikuwa kikikutana nyuma ya baa moja ya Kansanga, kikipokea majarida kwa posta na kuchapa yake kwa mashine ya kurudufu.

Aliyekuwa akiizungusha mashine hiyo ni Mzee Erinayo, ambaye sasa mtoto wa jicho amemwachia mwanga hafifu tu. Yeye ndiye aliyehifadhi sanduku la majarida hayo. Hifadhi ya mtandaoni ilipomwandikia ikitaka nakala, alitafuta mtu anayejua kushika karatasi kongwe bila kuirarua, na kanisani akaelekezwa kwa Séraphine, mkimbizi aliyejifunza kujalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji cha misheni huko Uvira, mashariki mwa Kongo. Malipo ni shilingi mia tatu za Uganda kwa ukurasa. Si haba, anasema, ukilinganisha na kufua nguo za watu Ntinda.

Lakini karatasi kwa Séraphine si karatasi tu. Mumewe, Ambroise, alichukuliwa Uvira kwa sababu ya karatasi moja ya siasa iliyokutwa mfukoni mwake. Hajarudi hadi leo. Usiku uleule Séraphine alizichoma nyingine zote zilizokuwa ndani ya nyumba.

"Nilichoma hadi barua zake alizoniandikia tukiwa wachumba," anasema. "Sikusoma ni ipi na ipi. Woga haukunipa nafasi."

Haamini wanayoyaamini waanakisti. Anasema mtu aliyekimbia nchi isiyo na serikali ya maana hawezi kutamani kuikosa. Alikubali kazi kwa sababu anaijua, na kwa sababu, anaongeza kwa sauti ya chini, safari hii alitaka kuwa upande wa wanaotunza.

Kosa alilifanya mwanzoni kabisa. Kioo cha kulaza kurasa kilivunjika kwenye bodaboda kikiletwa, na majarida ya Mzee Erinayo yalikuwa yameshonwa kwa kubana, hayakubali kulala. Basi Séraphine akafanya kama walivyofanya siku zote kiwandani: akabonyeza pembe ya chini kwa kidole gumba cha kushoto. Kidole hicho kiliwahi kuliwa na mashine ya kukatia karatasi. Kucha yake imepasuka katikati na kuota vipande viwili, kama ukwato wa mbuzi.

Kidole kikaonekana kwenye kila picha. Angeweza kukikata kwenye picha kwa simu, lakini hifadhi ina sharti: ukurasa uachwe ulivyo, kingo zake zote zionekane, ili msomaji ajue hakuna kilichopunguzwa. Séraphine ni mtu wa masharti. Akatuma kurasa na kidole chake.

Miezi ikapita, akajichongea njiti za mwanzi, akasahau.

Ikafika Desemba, uchaguzi ukiwa umekaribia. Jumapili moja alikuwa amealikwa chakula cha mchana kwa mwenye nyumba, Mama Bonny, mjane wa mwanajeshi kutoka Gulu. Jina lake la nyumbani ni Lamwaka. Wawili hao wanaishi ua mmoja, humenya karanga pamoja, na Séraphine ndiye humsuka nywele. Mwanawe, Bonny, ni askari polisi, naye siku hiyo alikuja kula kwa mama yake.

Katikati ya chakula Bonny akatoa simu. "Mama, ona hii kitu inazunguka kwa WhatsApp. Inasema watu wasipige kura. Kazini wakubwa wanauliza nani anachapa."

Séraphine hakuhitaji kusogea ili aitambue. Ulikuwa ukurasa wa jarida la Mzee Erinayo, wa uchaguzi wa miaka ya tisini. Mtu alikuwa ameutoa mtandaoni bila jalada wala tarehe, akausambaza kana kwamba umechapwa wiki ileile. Na kwenye pembe ya chini kulikuwa na kidole.

"Huyu mtu ako hapa hapa Kampala," Bonny akasema, akikuza picha. "Ona kucha yake."

 Mkono wa kushoto wa Séraphine ulikuwa mezani, kando ya sahani ya malakwang, mboga ya kwao Gulu. Kuuondoa ghafla aliogopa, kuuacha aliogopa zaidi. Mama Bonny aliitazama simu kwa muda, akamrudishia mwanawe, akainuka.

"Mama Tresor, kuja jikoni unisaidie."

Jikoni hakumpa kazi yoyote. Alirarua ukanda wa kitambaa kutoka leso iliyochakaa, akaushika ule mkono wa kushoto.

"Umejikata," akasema.

"Hapana, Mama Bonny, sijajikata."

"Umejikata na kisu ya matoke. Mimi nimeona." Akakifunga kidole, akakaza fundo, akarudi mezani na kumwambia mwanawe kwamba Wakongo hawajui kumenya matoke.

Jioni hiyo Séraphine aliliburuta sanduku la Mzee Erinayo hadi kwenye sigiri. Anasema hakufikiri; mikono yake iliijua kazi hiyo tangu Uvira. Mshumaa ulikuwa tayari unawaka aliposikia mlango ukisukumwa. Siku hiyo komeo alikuwa amelisahau.

Mama Bonny alitazama sanduku, akatazama mshumaa, akaupuliza.

"Moshi ya karatasi inanuka vibaya," akasema. "Bonny bado iko kwa ua. Atauliza nini inaungua."

Bonny alipoondoka, wanawake hao wawili walilibeba sanduku hadi chumbani kwa mjane. Chini ya kitanda kuna sanduku la bati lenye sare za marehemu mumewe, alizozikunja mwenyewe siku ya mazishi. Walizitoa, wakapanga majarida chini, wakazirudisha juu yake. Majarida yanayotaka dunia isiyo na askari yakalala chini ya sare ya askari, na yangali huko mpaka leo.

Séraphine hajawahi kumuuliza kwa nini. Huo nao ni woga wake mwingine: mtu anayekuficha bila kusema sababu, siku moja anaweza kuacha bila kusema sababu. Mwandishi alipomuuliza Mama Bonny, aliendelea kupepeta mtama wake.

"Mimi nilikaa miaka mingi nangoja mtu aniletee habari ya mzee wangu kutoka vita," alisema hatimaye. "Huyu anangoja wake. Nani atanisuka mimi wakichukua yeye?"

Kila asubuhi Bonny akiwa kazini, mjane humtolea jirani yake toleo moja. Séraphine anarudia kurasa zote zenye kidole, na hifadhi imekubali kuondoa picha za zamani na kuweka mpya. Ule ukurasa wa kura aliurudia wa kwanza. Sasa una kingo zake zote na pembe tupu. Lakini kilichokwisha kuingia kwenye simu za watu hakirudishwi, na hilo analijua.

Anachokiogopa zaidi siku hizi ni kitu kidogo. Kidonda cha kisu hupona, na chake kimegoma miezi na miezi. Jumapili moja Bonny, ambaye ni kijana mwenye adabu na huruma, alimuuliza mbona kitambaa hakitoki.

Kabla Séraphine hajafungua mdomo, Mama Bonny alijibu kutoka jikoni. "Iko na sukari. Kidonda ya sukari haiponi mbio."

Bonny alisikitika kwa dhati. Tangu hapo, kila Jumapili akija, yeye mwenyewe hummiminia Séraphine chai ya rangi isiyo na sukari, humsogezea kikombe, hukaa kumtazama anywe, na humuuliza kama anameza dawa. Séraphine hunywa hadi tone la mwisho. Hana kisukari. Chai chungu hajawahi kuipenda tangu azaliwe.

Akimaliza sanduku, anapanga kumrudishia Mzee Erinayo na kutafuta kazi kwa wajalidi vitabu mjini, kazi ya mlango wazi. Anataka pia kuomba hifadhi iweke tarehe juu ya kila ukurasa, hata atakayeukuta peke yake ajue ni wa lini. Lakini anapoulizwa anatamani nini hasa, hataji sanduku wala hifadhi. Anavua soksi taratibu, anakagua fundo la kitambaa, anasikiliza geti.

"Siku moja," anasema, "ninywe chai yenye sukari mbele ya Bonny. Vijiko vitatu. Na kikombe nikishike na mkono huu."